Ndama Haombwi

Nyinyi mnaonunua hisa mkiwa mmesimama kwenye foleni ya mkate, mkibonyeza simu kwa kidole gumba, sina ugomvi nanyi. Wivu pia sina, au tuseme ninao kidogo. Juzi Keza, binti aliyeanza kazi ya udalali wa hisa mwaka huu hapa Kigali, alikuja kunitembelea Nyamirambo akanionyesha jinsi anavyotuma oda ya mteja. Nilikuwa sijamaliza kumimina chai, oda ikawa imeshapita. Nikamwuliza, "Sasa muda wote unaobaki mnafanya nini?" Alicheka, akadhani ni utani wa kizee.

Haukuwa utani. Kwetu kusubiri ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na nimeukumbuka ule usubirifu kuliko nilivyotarajia.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba kimoja cha ghorofani mjini, enzi za soko tuliloliita la mezani. Yalikuwa mauzo ya hisa za kampuni ndogo zisizoorodheshwa kwenye soko kubwa. Tulikuwa madalali wachache kuizunguka meza moja ndefu, na ukutani ubao mweupe. Kengele ililia kufungua, ikalia tena kufunga, na katikati mara nyingi hapakutokea kitu. Ungeweza kukaa mwezi mzima mbele ya jina la kampuni usione hisa yake hata moja ikibadilisha mikono. Vijana wa siku hizi mkiona skrini imetulia mnadhani mtandao umekatika.

Mbele yangu alikaa Bosco, dalali wa ofisi nyingine, aliyekulia Karagwe akarudi na Kiswahili cha darasani na mfuko wa karanga usioisha. Ofisi zetu zilikuwa washindani, lakini katika soko lenye watu wachache vile, mshindani wako ndiye mteja wako, ndiye shahidi wako, na ndiye atakayekuazima kalamu ya ubao yako ikikauka. Yeye ndiye aliyenifunza. Nilipoingia nilikuwa na haraka, kila oda naitamka kama mpiga debe wa stendi. Siku moja aliniinamia mezani akaniambia, "Dada Zaituni, ukionyesha njaa hapa, bei itakula wewe."

Akanieleza ya mteja wake mmoja, tajiri wa kokoto, aliyelazimisha kununuliwa hisa za kiwanda cha biskuti zote kwa asubuhi moja. Wauzaji walikuwa wawili tu, wakaona shauku yake, wakapandisha na kupandisha. Tajiri akatoka anajisifu kwamba bei imepanda. Hakujua aliyeipandisha ni yeye peke yake. Alipotaka kuuza, alizunguka mwaka mzima na hakupata wa kumwuzia. Bosco alisema tajiri yule aliingilia getini akataka kutokea dirisha la choo.

Kwa hiyo, wanangu, shikeni hili kabla sijasahau. Katika hisa isiyouzwa mara kwa mara, bei unayoiona ni habari ya mtu wa mwisho aliyepita, na pengine alipita ana shida ya ada ya shule. Usiiamini. Nunua kidogo kidogo, uza kidogo kidogo, na kabla hujaingia jiulize nani atakayekufungulia mlango siku ya kutoka. Kisha uliza swali ambalo wateja wengi hawaulizi: hisa za kampuni hii ziko ngapi leo, na nani ana ruhusa ya kuziongeza kesho?

Maana hapo ndipo watu huzimuliwa. Tuchukue sufuria ya chai ya maziwa iliyopikwa kwa watu wanne. Wakija wageni wanne zaidi wakiwa na maziwa yao, mtaongeza, na kila mtu atakunywa chai. Wakija na maji, kikombe chako kitabaki kimejaa vilevile, lakini utakachokunywa hutakitambua. Kampuni ikitoa hisa mpya kwa bei ya chini, na wewe usinunue sehemu yako, hakuna aliyekuibia hata hisa moja. Zako zote unazo. Ila zamani ulikuwa na robo ya sufuria, leo una sehemu ya nane, tena ya chai nyepesi.

Hayo niliyajua vizuri sana. Niliwafundisha hata wengine. Na hayakunisaidia kitu kwa Mzee Sengabo.

Mzee Sengabo alikuwa na duka la mabati na misumari Kabuga, kando ya barabara kuu ya mashariki. Mbele ya duka lake, ng'ambo ya barabara, kilikuwako kibanda cha kukusanyia maziwa cha kampuni moja ndogo, na kila alfajiri wafugaji walipanga makopo yao pale, wakasalimiana na kusutana hadi gari la kiwanda lifike. Mzee alikuwa miongoni mwa walioianzisha kampuni ile. Ng'ombe wenyewe alikuwa amekwisha kuwapunguza, umri ulimkataza kukimbizana nao, lakini kibanda kile alikitazama kila asubuhi akifungua duka, na ilikuwa kama anatazama zizi.

Kwa sheria ya kampuni, familia yenye sehemu ya kumi ya hisa ilipata kiti kwenye bodi. Sengabo na watu wake walikuwa na zaidi kidogo ya hapo. Kiti kile ndicho kilichokuwa kinashikilia kibanda cha Kabuga, kwa sababu wakubwa wa kampuni walishatamani siku nyingi kukifunga na kuhamishia kila kitu Masoro, kwenye viwanda vipya. Kila walipolitaja jambo hilo, Mzee alisimama na kofia yake akasema hapana.

Nilimfahamu kwa sababu ya harusi. Alipomwoza binti yake mkubwa, Mukamana, kwa mwalimu mmoja wa Batsinda aitwaye Kalisa, alitaka kumpa mkwe wake ng'ombe kama ilivyo desturi. Mmoja alimpa, mwenye kwato na mkia. Wa pili alisema yuko kiwandani. Alikuwa ameamua kumpa Kalisa fungu la hisa za maziwa, akaniita mimi niliyemwandikishia hisa zile nihudhurie, ili mtu akiuliza maswali nijibu.

Aliyeuliza maswali ni msifu wa ng'ombe. Mnawajua hawa watu, wanaosimama na fimbo katikati ya harusi wakimsifu ng'ombe kwa jina na ukoo hadi wazee wanafuta machozi. Alinivuta pembeni, jasho linamtoka.

"Mama, hii ng'ombe iko na pembe?"

"Haina."

"Inaliaga?"

"Hapana."

"Sasa inakula nini?"

"Mikutano," nikamwambia. "Mara moja kwa mwaka, na soda."

Alinitazama kwa huruma, akarudi uwanjani. Na sijui alizitoa wapi, lakini alimsifu ng'ombe asiyeonekana ambaye maziwa yake hufika nyumbani kabla yake, asiyeogopa kiangazi, ambaye mwizi akija usiku hatajua aanzie wapi kumfungua kamba. Watu walipiga makofi hadi mimi mwenyewe nikatamani hisa.

Mzee aliona. Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwetu akaniambia, "Zaituni mwana wanjye, na wewe nimekutolea yako," yaani ameniita mwanawe na kunipa ng'ombe. Lilikuwa fungu dogo la hisa. Mkubwa wangu wa kazi aliridhia, nikaandikishwa. Tangu siku hiyo Mzee akinikuta haulizi bei. Huuliza, "Ng'ombe yako iko salama?"

Baadaye aliwapa vivyo hivyo wakwe wengine na wapwa. Na hapo ndipo ilipopatikana sababu kwa nini hisa ya maziwa haikuuzwa kamwe pale mezani. Ng'ombe wa kupewa hauzwi. Bosco aliliandika jina la kampuni ubaoni kila asubuhi na oda yake moja ndogo ya kununua, eti ubao usilale njaa, na kila mchana akalifuta.

Kisha kampuni ikatangaza hisa mpya. Ilitaka mitambo ya Masoro, na kila mwenye hisa moja alipewa nafasi ya kununua nyingine moja kwa bei ya chini. Walipewa mwezi mmoja. Zitakazobaki zingechukuliwa na mwekezaji mmoja mkubwa, na huyo hakuwa na mapenzi yoyote na Kabuga.

Za kwangu nilinunua siku ya kwanza. Mzee naye alinunua zote zilizokuwa kwa jina lake. Lakini za wakwe na wapwa zilikuwa kimya, na bila hizo sehemu ya kumi isingetimia. Nikapanda basi hadi Kabuga.

"Muzehe," nilimwambia, "mwambie Kalisa anunue. Wengine watamfuata yeye."

Alikuwa anapima misumari kwenye mizani. Hakuinua macho. "Nimwambie nini? Nimuombe ndama?"

"Si ndama. Ni nafasi yake ya kununua."

"Imezaliwa na nani? Na ile ng'ombe nilimupa. Basi ni ndama. Na ndama haiombwaga, Zaituni. Inaletwaga."

Nyinyi mliozaliwa mjini pengine hamlijui hili vizuri. Mtu akikupa ng'ombe, ng'ombe akizaa, siku moja humpelekea aliyekupa ndama mmoja wa shukrani. Hakuna atakayekudai. Aliyekupa akifungua mdomo kukuuliza, ameifuta zawadi yake mwenyewe. Anakaa, anangoja, na kungoja huko ndiko heshima.

Nikatoka Kabuga nikaenda Batsinda. Kalisa alinikaribisha, Mukamana akaleta maziwa ya mgando, tukakaa. Pesa alikuwa nazo, alikuwa ameziweka kwa ajili ya paa.

"Pesa iko," alisema. "Lakini hizi hisa mpya nikizitia kwa jina yangu, itakuwa nimekula ndama ya databukwe." Ndivyo walivyomwita baba mkwe. "Yeye ndiye wa kusema: chukua, au lete."

"Hatasema, Kalisa. Unajua hatasema."

"Akiwa hasemi, basi hapendi niiguse. Nitamupita yeye?"

Nilirudi Kabuga nikamwambia Mzee kwamba mkwe wake anangoja neno lake. Akasema akitoa neno, zawadi imekufa. Nikarudi Batsinda nikamwambia Kalisa hivyo hivyo. Akasema basi afadhali afe maskini kuliko kuitwa mlaji wa ndama ya watu. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu wawili wenye adabu kamili, kila mmoja amemfungulia mwenzake njia apite kwanza, na mlango unafungwa. Maishani mwangu nimeona watu wakizimuliwa kwa ujinga, kwa ubahili, kwa kulala. Hawa walizimuliwa kwa kuheshimiana.

Siku ya mwisho nilikaa chumbani na simu yangu juu ya meza. Bosco alijua. Alinisogezea karanga. Kengele ya kufunga ikalia, na simu haikuwa imelia.

Hisa zilizobaki zikaenda kwa mwekezaji. Sehemu ya kumi ikawa historia, kiti kikaondoka, na kabla mwaka haujageuka kibanda cha Kabuga kilifungwa kwa kufuli. Wafugaji wakaambiwa wapeleke maziwa Masoro. Nilikwenda kumtazama Mzee. Alikuwa ameketi mlangoni pa duka na kofia yake magotini, anatazama ng'ambo. Aliniambia kinachomsumbua si hasara. Alisema asubuhi imekuwa na kimya asichokizoea, kwamba anaamka anayasikiliza makopo. Niliumia kwa maneno yale kuliko kama angelia.

Miaka ikapita kabla Kalisa hajaja chumbani kwetu. Alivaa koti la siku ya mahafali. Alisema amefikiri sana, ameona kwamba ndama wa kununua ni bora kuliko mikono mitupu, na anataka hisa za maziwa ampelekee mzee wake angali hai. Nikaandika oda yake ubaoni. Ikakaa. Wiki zikapita, miezi ikapita, na kila asubuhi Bosco akaiandika upya kwa mwandiko wake mzuri, ingawa haikuwa oda ya mteja wake. Nani angeuza? Mwekezaji hakuuza rejareja, na wengine wote walikuwa na ng'ombe wa kupewa.

Ndipo siku moja Bosco akaniuliza, kalamu ikiwa bado mkononi, "Dada, wewe si ulinunua zile mpya?"

Nilikuwa nazo. Ng'ombe alikuwa wa kupewa, lakini zile mpya nilizinunua mwenyewe, na sikuwahi kuzifikiria kama ndama. Babu yangu alifika nchi hii kutoka pwani na marobota ya nguo. Kwetu tunazungumza ng'ombe siku ya Idi tu. Nilidhani desturi ile inanipita kando. Nikaomba ruhusa ofisini, nikamweleza Kalisa wazi kwamba muuzaji ni mimi, tukafanya biashara kwa bei yake. Bosco alisimama akapiga makofi peke yake chumbani, kwa sababu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza hisa ile kuuzwa pale mezani.

Jumamosi tukaenda Kabuga wote, Kalisa, Mukamana, na mimi, na mtungi wa pombe ya ndizi na soda zangu. Kalisa akapiga magoti akasema ameleta ndama. Mzee alikuwa amedhoofika. Alitabasamu polepole, kisha akauliza kama wafugaji wote wanavyouliza.

"Imezaliwa kwa nani?"

Kalisa hakuweza kumdanganya. "Kwa Mama Zaituni."

Mzee akanigeukia. "Imefika," akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Zaituni, umeniletea." Kisha akamtazama mkwe wake, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Wewe yako bado. Nitangoja."

Tulicheka hadi pombe ikamwagika. Na Mzee kweli alingoja. Nadhani alikuwa na furaha ya kungoja, kwa maana kila Kalisa alipokuja kumwona alikuwa na sababu ya kumtania, na Kalisa alikuwa na sababu ya kuja. Alizikwa akiwa bado anangoja.

Chumba chetu kilifungwa muda mfupi baadaye, mauzo yakahamia kwenye mitambo. Bosco aliondoka na kifuta ubao, akasema ni kiinua mgongo chake. Siku hizi tunapigiana simu, na kuna wakati tunanyamaza wote kwenye laini, kama zamani kati ya kengele na kengele. Ninamkumbuka hata nikiwa ninaongea naye.

Sasa nirudi kwa Keza, kwa sababu hakuja kwangu kunionyesha simu tu. Keza ni binti wa Kalisa na Mukamana. Kampuni ya maziwa imetoa tena hisa mpya mwaka huu, na safari hii baba yake amenunua fungu lake lote bila kumngoja mtu.

"Bibi," aliniambia, "Papa anasema ndama imezaliwa. Lakini Sogokuru hayupo. Apeleke wapi?" Sogokuru ndiye babu yake, Mzee Sengabo.

Nikamwuliza kama anajua kwamba hisa zile zimezimuliwa mara nyingi kiasi kwamba hata wakusanye za ukoo mzima, kiti hakirudi. Akasema anajua, amepiga hesabu. "Papa hataki kiti," akasema.

Tulikwenda Kabuga Jumamosi iliyopita. Duka liko kwa kijana wa Mzee, mabati bado yameegemezwa palepale. Walikitoa kiti alichokuwa akikalia Mzee, na kwa kuwa Mukamana ndiye mkubwa wa watoto wake, ndiye aliyekalishwa. Kalisa, na mvi zake zote, akapiga magoti mbele ya mke wake akasema ameleta ndama wa databukwe. Keza alicheka kidogo, kisha akaacha. Mukamana akasema, "Imechelewa, Kalisa. Lakini imefika."

Wakaanza kumimina chai. Mimi nilitoka nje kidogo, nikasimama mlangoni alipokuwa akikaa Mzee. Ng'ambo ya barabara, kibanda kimekuwa duka la vocha na chaja za simu. Nilijua vizuri kwamba ni mchana, na kwamba hakuna gari linalokuja. Hata hivyo nilisimama pale nikisikiliza makopo, hadi Keza alipokuja kunishika mkono na kuniambia kikombe changu kinapoa.